Mkigawana Kura, Kiti Kinaenda: Kile Mbogi ya Mamdani Ilifanya New York na Venye Inatuhusu 2027

Wacha nianze na mtaani kwetu. 2022, kiti cha MCA, tulikuwa na vijana wawili wa nguvu. Mmoja alikuwa anasukuma maneno ya maji na taa za barabara, mwingine alikuwa anasimamia timu za mpira na anajua kila mama mboga kwa jina. Wote walisimama bila chama. Wote walikuwa wanasema kitu moja. Na wote walikuwa na mabeshte wangu kwa kampeni, so kila jioni base ilikuwa ni vita: "Ambia wako ajitoe." "Wako ndio ajitoe."

Hakuna alijitoa. Matokeo kutoka, ukijumlisha kura za hao wawili, zilikuwa zinapita za mshindi. Mshindi alikuwa mheshimiwa wa kitambo, na tangu siku hiyo tunamwonanga tu kwa mazishi na kwa poster. Hao vijana wawili hadi leo hawasalimiani.

Najua si kwetu tu. Ndio maana leo nataka tuongee kuhusu New York. Tulia, nitarudi home.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne

Chukua watu 100. Sitini wanataka mabadiliko, arobaini wako sawa na vile vitu viko. Ukiweka wagombea wawili wa mabadiliko, kila mmoja anapata 30. Yule wa arobaini anapita. Watu 60 kati ya 100 walimkataa na bado yeye ndiye anaapishwa.

Hapa Kenya, MCA, mbunge, seneta na gavana wote wanachaguliwa hivyo: mwenye amepata nyingi kuliko wengine ameshinda, hata kama ni 25%. Ni rais tu anahitaji zaidi ya nusu, na hiyo ililetwa na Katiba ya 2010.

Wazee wetu walisoma hii somo kwa njia ngumu. 1992, FORD ilipasuka ikawa Ford-Kenya ya Jaramogi na Ford-Asili ya Matiba, Kibaki naye akiwa na DP yake. Moi alipita na karibu 36%. Kumaanisha karibu Wakenya wawili kwa kila watatu waliopiga kura walikuwa wamesema hapana. Miaka kumi baadaye, 2002, upinzani ukakaa chini ya NARC na kusimamisha mtu mmoja. Kibaki akapita na zaidi ya 60%. Watu walikuwa karibu wale wale. Kilichobadilika ni mpangilio.

Sasa, New York walifanya nini?

Zohran Mamdani, msee aliyezaliwa Kampala 1991, aliingia kwa mbio za kuwa meya akiwa chini kabisa. Mapema 2025 kura za maoni zilikuwa zinampatia karibu 1%. Mbele yake alikuwa Andrew Cuomo, gavana wa zamani, jina kubwa, na watu wenye doh nyuma yake. Kwa mchujo wa chama cha Democratic walikuwa wagombea 11, na kadhaa wao walikuwa wanatafuta kura za watu wale wale: wenye wamechoka na rent, nauli na bei ya chakula.

Kwa mfumo wetu, hapo ni game over. Lakini New York, tangu 2021, kwa mchujo hauchagui mtu mmoja tu. Unawapanga hadi watano: namba 1, 2, 3, 4, 5. Kama hakuna amepita nusu, wa mwisho anatolewa, na kura zake zinahamia kwa mwenye hao wapiga kura waliandika namba 2. Inaendelea hivyo hadi wabaki wawili.

Ona sasa vile hiyo inabadilisha tabia. Mpinzani wako si adui tena, kwa sababu unataka watu wake wakuandike namba 2. Ukimtusi, umejikosesha kura.

Tarehe 13 Juni 2025, Mamdani na Brad Lander, aliyekuwa msimamizi wa hesabu za jiji, walitangaza kupigiana debe. Mamdani akaambia watu wake: mimi namba 1, Lander namba 2. Lander akasema vivyo hivyo upande wake. Mmoja Mwislamu, mwingine Myahudi, kwa jiji lenye vita ya Gaza ilikuwa imefanya watu wanaangaliana vibaya. Walifanya kampeni pamoja, wakatokea kwa TV pamoja usiku wa kuamkia kura. Na kabla ya hapo, Mamdani alikuwa amefikisha kiwango cha pesa anachoruhusiwa kutumia, akaomba watu wake wamtumie Adrienne Adams, mpinzani wake, mchango. Buda, fikiria mgombea wa hapa akikwambia utumie mwenzake M-Pesa.

Hesabu ya kwanza ya 24 Juni: Mamdani karibu 44%, Cuomo 36%, Lander 11%. Baada ya kuhamisha kura, Mamdani akamaliza na 56%, Cuomo 44%.

Tuwe wakweli: Mamdani alikuwa anaongoza tangu mwanzo, so huwezi sema Lander ndiye alimpatia kiti. Lakini huo umoja ulimpatia kitu ingine. Ulifanya watu wenye walikuwa wanamwogopa kama kijana wa 33 asiye na uzoefu waone msee wameshamzoea akisema, "Huyu yuko sawa."

Chama cha tatu chenye hakiharibu kura

Huko kuna chama kidogo kinaitwa Working Families Party, kimekuwepo tangu 1998. Sheria ya New York inaruhusu mgombea mmoja atokee kwa debe chini ya vyama viwili, na kura zote zinajumlishwa. So WFP hakilazimiki kusimamisha mtu wa kugawanya kura. Kinachukua mgombea wa Democratic mwenye anakubaliana na mambo yao, na wewe unamchagua kupitia laini yao. Mgombea anajua kabisa kura ngapi zilitoka kwa hiyo laini, na akiwasahau, anajua atakosa ngapi.

Kwa mchujo, WFP waliwapanga wagombea wao mapema, Mamdani namba 1 na Lander namba 2, wengine wakafuata. Hawakungoja wiki ya mwisho waanze kubembelezana.

Mfumo peke yake hautoshi

Hapa ndio watu huteleza. 2021, New York ilikuwa na mfumo huu huu wa kupanga namba. Kathryn Garcia alipoteza kwa Eric Adams na kura kama 7,200 tu. Na zaidi ya kura 140,000 hazikufika kwa hesabu ya mwisho, kwa sababu wenyewe hawakuwa wameandika Adams wala Garcia mahali popote. Andrew Yang aliambia watu wake wamweke Garcia namba 2, lakini Garcia hakurudisha mkono. Nao wagombea wa mrengo wa mageuzi walikuwa wamefika debe bila mpango wa pamoja wenye unaeleweka.

Mfumo ni ule ule, sheria ni ile ile, lakini 2021 wagombea hawakuelewana na 2025 wakaelewana.

Halafu kibao kikageuka

Uchaguzi wenyewe wa Novemba 2025 haukuwa na mambo ya kupanga namba. Ni kama wa kwetu: mwenye nyingi anapita. Cuomo, baada ya kupoteza mchujo, akarudi kama mgombea huru. Sasa upande wake ndio ulikuwa umegawanyika. Meya Eric Adams alijitoa mwisho wa Septemba, lakini jina lake likabaki kwa karatasi ya kura. Curtis Sliwa wa Republican aliambiwa na kila mtu ajitoe. Alikataa katakata.

Mamdani alipata zaidi ya kura milioni moja, juu kidogo ya 50%. Cuomo karibu 41%, Sliwa karibu 7%. Piga hesabu: hata Sliwa angejitoa na kila kura yake iende kwa Cuomo, Mamdani bado angepita. So hadithi ya "fulani ndiye alituharibia" huwa si kweli kila saa. Wakati mwingine ulipoteza tu.

Na kuna kitu ingine hapo. Sliwa alipata tiketi ya chama chake bila kupingwa. Chama kilimtuma. Kura si mali ya mgombea mkubwa yenye mdogo amemwibia, ni ya mwenye ameipiga. Ukitaka mtu ajitoe, lazima umpe sababu yenye hata wafuasi wake wataikubali.

Turudi home

Tarehe 10 Agosti 2027 tutakuwa na wadi 1,450 zinatafuta MCA, 85 kati yazo hapa Nairobi. Tangu Juni 2024, kila mtaa una kijana mwenye anasema atasimama. Fiti kabisa. Shida ni kwamba wadi zingine zina watano. Na hakuna kitu kinafurahisha mheshimiwa wa kitambo kama vijana watano kwa debe moja.

Hatuna kura ya namba hapa, na hutaona mbunge akikimbia kuileta. Lakini hakuna sheria inakataza kuipiga wenyewe, kabla ya siku. Mnaweza fanya hivi:

Moja, kubalianeni mambo kabla ya mtu. Maji, bursary, soko, clinic. Kama wagombea wanne wanaweza kuweka sahihi kwa karatasi moja, basi mnajua ni nini mnalinda.

Mbili, pangeni mchujo wenu wa mtaa, na muutumie huo mtindo wa namba. Karatasi, kalamu, uwanja wa shule. Mwenye ameshinda anasimama, wengine wanampigia debe hadharani.

Tatu, fanyeni mapema. Mgombea huru wa MCA anahitaji sahihi za wapiga kura 500 wa wadi yake, na lazima awe hajakuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ukingoja majina yachapishwe, kujitoa kwako ni kwa mdomo tu.

Nne, mwenye amejitoa asiachwe kwa mataa. Apewe kazi ya kueleweka kwa kampeni, na watu wajue alitoa nini. Heshima ndiyo ilikosekana kwetu 2022. Kila upande ulitaka mwingine ajitoe kama mtu ameshindwa.

Na chunga hii: umoja si kila mara kitu kizuri. Kama "tuungane" inamaanisha vijana wote wajitoe ndio mdosi mmoja apite, hiyo si umoja. Ni ile siasa ya kitambo imevaa viatu mpya.

Hao vijana wawili wa kwetu, nasikia wote wanajipanga kusimama tena 2027. Nina namba zao zote mbili. Wiki hii nitawapigia simu, niwaitie chai kwa kibanda moja. Wakikataa, angalau nitajua ni nani alikataa.

Wewe kwa wadi yenu mko na wangapi?