Kifua kikuu kinapotafuna mshipa mkuu

Mtu akitajiwa kifua kikuu hufikiria kikohozi na mapafu. Hakosei. Lakini ugonjwa huu una njia nyingi mwilini, na mojawapo, ingawa ni ya nadra, huua ghafla: ile inayofika kwenye mshipa mkuu wa damu.

Mshipa huo huitwa aota. Hutoka moyoni, hujipinda kifuani kama kichwa cha bakora, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo hadi tumboni. Kando yake zimo tezi na pingili za mgongo, mahali ambapo vijidudu vya kifua kikuu huweza kujificha. Tezi ikioza, maradhi hushika ukuta wa mshipa na kuutafuna. Mara nyingine vijidudu huletwa na damu yenyewe.

Mwenye baiskeli anajua mpira uliolika upande mmoja: hutuna, kisha hupasuka. Aota nayo ni hivyo. Ukuta ukitoboka, damu huvuja na kuzuiliwa kwa muda na nyama za jirani, pakawa na uvimbe unaodunda. Uvimbe huo ukipasuka, mgonjwa aweza kufa katika dakika chache.

Dalili zake ni zipi? Maumivu ya kifua, mgongo au tumbo yasiyokwisha, sauti kukauka, kutema au kutapika damu, ama kitu kinachodunda tumboni. Wengine hawaoni dalili yoyote mapema.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida hunywewa miezi 6 au zaidi, huua vijidudu, lakini haziwezi kuziba ukuta uliotoboka. Na daktari akiweka mshipa wa bandia bila dawa, vijidudu vilivyosalia huweza kuushambulia huo mpya. Kwa hiyo kisu na vidonge huenda pamoja.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, au anayetibiwa sasa, asinyamazie maumivu mapya ya mgongo au kifua. Amweleze daktari, apimwe. Wala asiache dawa kwa sababu tu kikohozi kimekoma. Upasuaji wa aota hufanywa katika hospitali chache na kwa gharama kubwa. Vidonge, katika vituo vya serikali nchini Tanzania na Kenya, hutolewa bure.