Nililala peke yangu kwenye nyumba ya kale Lamu

“Uko peke yako?”

Swali hilo nimeulizwa karibu kila mapokezi ya hoteli tangu nianze kusafiri bila mtu. Kwenye hoteli moja ya bara, ambayo sitaitaja, mhudumu aliongeza lingine: “Na mwenzako anafika saa ngapi?” Nilipomwambia sina mwenzangu, alitabasamu tu. Usiku huo askari aligonga mlango wangu mara mbili, eti kuhakikisha niko salama.

Msichana Mkenya akichukua chumba peke yake, watu humtungia hadithi. Mzungu akifanya vivyo hivyo ni mtalii.

Kwa hivyo Mei nilipopanga kwenda Lamu, sikuwaza bahari, niliwaza mapokezi. Mei ni mvua, bei hushuka na mtu wa mfuko mwepesi anaweza kupata chumba kwa nyumba ambayo Desemba hawezi hata kuulizia. Ila piga simu kwanza, maana nyumba nyingine hufungwa kabisa msimu huo. Na uulize kama bei ni ya mtu au ya chumba. Mara nyingi ni ya chumba, kwa hivyo wewe mmoja unalipia kitanda cha wawili. Hapo ndipo usafiri wa peke yako huuma.

Basi hukufikisha Mokowe, halafu unavuka kwa boti. Ndani ya mji wa kale ni miguu tu. Vichochoro vingine punda akipita lazima ujibanze ukutani.

Nyumba niliyofikia ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, mtindo wa karne ya 18. Kwa nje huoni kitu, ukuta mtupu na mlango wa kuchongwa. Ukiingia unapita dakani, unakunja kona, ndipo kiwanda kinafunguka juu yako, anga yote. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari inashikiliwa na boriti za mikoko na boriti haziwi ndefu sana. Upana haufiki hata mita 3. Bafuni kuna birika la maji. Zamani waliweka samaki wadogo humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Ujanja huo sikuwahi kufunzwa shuleni.

Mzee anayeitunza aliniuliza lile swali. Nikajikaza. “Ndiyo, peke yangu.”

“Basi usiku utakula na sisi, mwanangu. Mtu hali peke yake.”

Ni hivyo tu. Tulikula wali wa nazi na samaki pamoja na mkewe na wajukuu, na hakuna aliyeniuliza nimeolewa au la. (Sawa, mkewe aliuliza, lakini baada ya chai.)

Nilipoulizia chumba changu, kile cha ndani kabisa kisicho na dirisha, mzee aliniambia kinaitwa nyumba ya kati. Zamani ndimo wanawake walimojifungulia, na ndimo maiti ilimolazwa kabla ya kuzikwa.

Sitadanganya, usingizi ulikata. Kuta hizo nene hazipitishi hata sauti ya mvua. Saa nane za usiku nilichukua shuka na simu nikapanda darini, chini ya makuti, nikalala pale na mbu wangu hadi adhana ya alfajiri. Asubuhi mzee alinikuta huko akacheka sana. Akasema mama yake mzazi alimzaa katika chumba kile kile.

“Nikuhamishe?”

Chumba cha juu kilikuwa kitupu, kina upepo, bei sawa. Nilifikiria wakati tunakunywa chai.

Usiku wa pili nilirudi nyumba ya kati. Niliacha taa ya nje ikiwaka na mlango wazi kidogo, nikalala hadi saa mbili.