Alama Isiyo na Uzito

Sikio la Mswahili hukataa “kitabu mzuri” kabla akili haijauliza kosa liko wapi. Lugha ya kompyuta ya C haina sikio la namna hiyo. Kwake anwani ya kumbukumbu haisemi ni ya nani.

Ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wake, upofu huo ni hatari. Programu inapotaka kusoma faili, huipa kerneli anwani ya mahali pa kuweka data. Anwani hiyo imetoka kwa mgeni. Kerneli ikiiamini na kuandika hapo moja kwa moja, programu yenye hila inaweza kuipa anwani ya kumbukumbu ya kerneli yenyewe, nayo ikajiharibu kwa mkono wake. Ndiyo maana data hupitishwa kwenye copy_to_user, inayokagua kwanza kama anwani iko upande wa mgeni.

Je, mwandishi akisahau? Mwaka 2003 Linus Torvalds alianza kuandika Sparse, chombo cha kukagua msimbo. Kielekezi (kigezo kinachobeba anwani) cha mgeni huandikiwa __user, na Sparse hulalamika kikichanganywa na cha kerneli. Udhaifu wake, na kwangu ni mkubwa, ni kwamba Sparse huendeshwa na anayetaka. Mwenye haraka huiruka.

Lugha ya Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, huiacha kazi hiyo kwa kompaila, ambayo hairukwi. Unaunda aina mbili tupu za kutumika kama alama, tuseme Mgeni na Mwenyeji (yaani kerneli), kisha aina ya Anwani inayobeba namba na mojawapo ya alama hizo. Fanksheni inayodai Anwani<Mwenyeji> ikipewa Anwani<Mgeni>, kompaila hugoma na programu haizaliwi. Kuna kioja kidogo: Rust hukataa aina iliyotajiwa alama isiyoonekana popote ndani yake, hivyo huwekwa PhantomData, sehemu ya kujifanya yenye ukubwa wa baiti 0. Anwani ya baiti 8 hubaki baiti 8.

Hata hivyo alama haithibitishi kwamba anwani ni halali. Kuna mahali namba tupu hugongwa muhuri kwa mara ya kwanza, na mgongaji akikosea, kompaila itautetea uongo huo kwa bidii ileile. Nikipewa msimbo wa namna hii naanzia hapo. Fanksheni ya kugonga muhuri ikiwa moja, tena fupi, naisoma mara mbili. Zikiwa ishirini zimetapakaa kila faili, alama nyingine zote hazinipi usingizi.