Picha Iliyofungwa Sandukuni Haisemi Kitu

Vijana, nyumbani kwenu kuna sanduku la picha za zamani? Lifungueni siku moja, lakini pamoja na wazee. Ninasema hivi sababu sisi kwetu tulichelewa.

Babu yetu alikuwa mtu wa Kongolo. Alikuja kutafuta kazi ya shaba Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Alituachia picha moja: kijana amesimama juu ya masuwa, kofia mkononi, nyuma yake kuni zimepangwa. Mgongoni mwa picha hakuna neno hata moja. Baba mkubwa alisema: "Pale ni Kalemie." Shangazi akakataa: "Hapana, ile ni mto, haiko ziwa." Walibishana miaka na miaka, na mwenye kujua amekwisha kuzikwa.

Ilibaki pia barua moja aliyomwandikia nyanya. Mdogo wangu alipenda sana kukusanya tembre za posta, zile wengine wanaita stempu. Aliibandua tembre ya barua ile, bahasha akaitupa jikoni. Tulimgombeza, lakini moto ulikwisha kula. Na kweli, nani alikuwa amemfundisha? Juu ya tembre ilibaki nusu ya muhuri: "KAMA". Ni Bukama! Lakini mwaka uliandikwa upande wa bahasha. Basi tunajua mahali, mwaka hatutaujua tena.

Shangazi alikuwa na haki. Reli ya kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, lakini ile ya kuunganisha Kamina na Kabalo ilikwisha mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo, mtu wa Kongolo aliyekwenda kwenye migodi alipanda masuwa juu ya mto Lualaba mpaka Bukama, kisha akashika treni.

Siku moja niliwaonyesha wamama wa kanisa picha ile. Mama mzee mmoja wa mtaa wetu aliikamata, akacheka, halafu machozi yakamtoka. "Masuwa ya kuni! Njo ile ilituleta. Tulilala juu ya mikeka, batoto balilia usiku muzima ju ya imbu." Kesho yake alileta picha yake mwenyewe. Watoto wake hawakuwa wamepata kuiona.

MASUWA ZILIZOPANDA MILIMA

Vijana, mnajua kama masuwa zilipita Fungurume? Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza walileta masuwa mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupigana na Wajerumani juu ya ziwa Tanganika. Zilisafiri kwa treni kutoka Cape Town mpaka Fungurume. Kutoka pale zilivutwa na mashini za moshi na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba mpaka Sankisia, tena Bukama, Lualaba, Kabalo, mwisho ziwani. Safari hiyo imeandikwa vitabuni. Baba zetu walipita mto uleule. Safari yao imeandikwa wapi? Pengine ndani ya sanduku lenu tu.

Tembre nazo zinasimulia. Kongo ilipata tembre zake za kwanza mwaka 1886. Katika zile zilizoanza kutoka mwaka 1894 utaona bandari ya Matadi, na masuwa ya moshi juu ya mto. Si ajabu: barua zenyewe zilisafiri kwa masuwa.

TUFANYE NAMNA GANI?

Chukueni kalamu ya risasi, si ya wino, na kuandika polepole nyuma ya picha: majina, mahali, mwaka, na nani aliyewaambia. Picha msiibandike kwa gundi, msiiache juani.

Barua ya zamani ya jamaa, iacheni na tembre yake, bahasha yake na muhuri wake. Kwa bahasha isiyo na maana kwa jamaa, kata karatasi kuzunguka tembre, loweka katika maji ya uvuguvugu mpaka itoke yenyewe, kausha mbali na jua.

Kwa kubadilishana na rafiki, toa tembre uliyo nazo mbili, usitoe ile ya pekee. Picha ya pekee usiiazimishe. Leo simu inaweza kupiga picha ya picha: tuma ile kwa ndugu walio mbali, ya asili ibaki nyumbani. Na unapotuma, tuma pia habari yake, maana uso bila jina ni wa mgeni.

Mdogo wangu sasa ni baba wa watoto. Tembre ya Bukama hakuiweka tena katika kitabu chake, inakaa pamoja na picha ya babu, na yeye mwenyewe ameandika pembeni: "Bahasha niliichoma mimi." Watoto wake wakimwuliza, anawasimulia yote.

Na kwenu, ni nani amesimama katika picha ile ya zamani? Ulizeni leo jioni, mzee angali hapo.