Kijana anayetaka kuingia polisi: namna ya kutayarisha mwili kuanzia sifuri



Katika kambi zetu, na katika jamaa zinazowapokea waliohama, vijana wengi hukaa siku nzima bila kazi. Watu wenye silaha wanalijua jambo hilo, na huja na ahadi zao. Lakini wako vijana, wavulana na wasichana, wanaotamani kubeba jukumu la usalama kwa njia ya halali, yaani kuingia katika Polisi ya Taifa ya Kongo. Swali lao ni hili: “Nimekaa kambini miaka miwili. Sikimbii, nakula mara moja kwa siku. Mtihani wa mwili nitauweza namna gani?”

Jibu ni kwamba inawezekana, ila si kwa juma moja. Anayeanza kukimbia siku tangazo linapotoka amechelewa, na mara nyingi huumia. Hapa tunaeleza kazi ya miezi mitatu isiyodai pesa.

Kwa nini polisi hupima mwili?

Polisi husimama masaa mengi juani, hukimbia kusaidia mtu anayelia usiku, na hutenganisha wanaopigana. Anayechoka upesi huogopa upesi, na mwenye hofu hukimbilia silaha yake. Kwa hiyo pumzi na nguvu ni faida ya raia pia.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 183, inasema kwamba polisi ya taifa haiegemei siasa, iko kwa kulitumikia taifa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Kifungu cha 14 kinampa mwanamke haki ya kuwa na nafasi sawa katika vyombo vya nchi. Mzazi asimwambie binti yake kwamba kazi hiyo ni ya wanaume tu.

Masharti ya umri, masomo na mtihani husomwa katika tangazo la kila uandikishaji. Msitegemee maneno ya barabarani. Lakini mitihani ya namna hiyo hufanana: daktari hutazama afya, halafu kuna mbio na mazoezi ya nguvu.

Kabla ya kuanza

Pita kwanza kwenye kituo cha afya. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, kikohozi kisichoisha, jeraha la zamani au mimba asianze bila kumwuliza muuguzi. Aliyetoka kuugua malaria angoje homa iishe na nguvu zirudi. Kumlazimisha mgonjwa kukimbia ni kumwua.

Usidharau nguvu ulizo nazo. Msichana anayebeba bidoni ya lita 20 kila asubuhi hubeba kilo 20. Miguu na mgongo wake tayari vinajua kazi. Kinachobaki ni kuzoeza pumzi.

Mbio: juma 12

Fanya mazoezi ya mbio siku nne kwa juma, na usiunganishe siku zote nne. Siku ya kupumzika ni sehemu ya mazoezi, kwa sababu ndipo mwili unajijenga.

Juma la 1 hadi la 3: tembea haraka dakika 30. Kipimo ni mdomo wako: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba.

Juma la 4: kimbia polepole dakika 1, tembea dakika 2, mara kumi. Juma la 5: kimbia dakika 2, tembea 2, mara nane. Juma la 6: kimbia dakika 3, tembea 1, mara nane.

Juma la 7 kimbia dakika 10 bila kusimama, la 8 dakika 15, la 9 dakika 20. Ukishindwa, rudia juma hilohilo. Hakuna haya.

Juma la 10 na la 11: siku tatu kimbia dakika 20 hadi 25. Siku ya nne tafuta mwendo kasi: kimbia kwa nguvu upande mmoja wa kiwanja, tembea upande unaofuata, mara nane. Juma la 12 punguza kazi iwe nusu, ili uende kwenye mtihani ukiwa na nguvu.

Utajuaje kama unaendelea? Mwaka 1968 daktari wa Marekani, Kenneth Cooper, alitangaza kipimo chepesi: kukimbia dakika 12 na kuhesabu umbali uliofika. Kiwanja cha mpira chenye mita 100 kwa 70 kina mita 340 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mizunguko mitatu ni kilometa moja na kidogo. Jipime mwisho wa juma la 7, la 9 na la 11, uandike hesabu. Jilinganishe na wewe wa juzi, usijilinganishe na jirani.

Kama huna viatu, usikimbie na kandambili, zinaangusha. Anza kwa muda mfupi bila viatu, kwenye mchanga mgumu au majani, ukiwa umekagua kwamba hakuna misumari wala vioo.

Nguvu ya mikono, tumbo na miguu

Siku tatu kwa juma, fanya haya matatu, kila moja mara tatu, ukipumzika dakika moja katikati.

Kwanza pompe. Anayeanza asilale chini. Aegemee ukuta, ashuke na kupanda mara 10. Akifika 15 bila shida, aegemee benchi au jiwe kubwa. Baadaye aende chini huku magoti yakigusa udongo, na mwishoni pompe kamili. Mgongo usipinde.

Pili, kuchuchumaa na kusimama mara 15, visigino vikibaki chini. Tatu, kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20. Kila juma ongeza sekunde tano.

Chakula, maji na usingizi

Tunajua hali ya sahani kambini. Anayekula mara moja kwa siku apunguze mazoezi: siku tatu zatosha, na asikimbie akiwa na njaa kali. Maharagwe, karanga, ndagala na sombe hujenga mwili. Ugali, muhogo na viazi vitamu hutoa nguvu za mbio. Ukianza kukonda, punguza mwendo. Tena mazoezi ya kijana mmoja yasiondoe chakula cha watoto wadogo.

Kunywa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, kwa maana kipindupindu hakimwogopi mwenye misuli. Lala mapema, na uache pombe na sigara.

Usilete hofu kambini

Hapa tunaomba viongozi wasome vizuri. Watu waliokimbia vita wakiona vijana ishirini wakikimbia kwa mstari alfajiri, wakiimba nyimbo za kijeshi na kushika fimbo, watafikiri nini? Watafikiri kundi jipya la silaha limezaliwa. Jirani wa kabila lingine ataanza kuwatayarisha vijana wake, na hofu tu inaweza kuleta damu. Kwa hiyo:

- Mjulishe mapema kiongozi wa kambi, chifu wa mahali na polisi wa karibu: nani, wapi, saa ngapi.
- Fanyeni mazoezi mchana, kiwanjani, mbele ya macho ya watu. Nguo za rangi ya kijeshi, fimbo na nyimbo za vita ziachwe.
- Piteni njia zinazotumiwa kila siku. Porini kunaweza kubaki mabomu yasiyolipuka. Mkiona chuma msichokijua, msikiguse. Rudini mlikotoka na mwite viongozi.
- Wasichana wasikimbie peke yao, na saa ya mazoezi wachague wenyewe.
- Changanyeni waliohama na wenyeji, na makabila yote. Katika Tanganyika, ambako mapigano ya Waluba na Watwa yaliongezeka mwaka 2016, kiwanja kimoja chenye vijana wa pande zote mbili kinasema zaidi ya hotuba.

Nafasi hainunuliwi

Mwili mzuri haumhakikishii mtu kazi. Vijana wengi watafaulu mbio na bado wasichukuliwe. Mzazi asiuze mbuzi wa mwisho ili kumlipa mtu anayesema “nitakuingizia mtoto.” Msichana anayeombwa mwili wake ili apate nafasi akatae, na amwambie mtu anayemwamini. Anayekusanya vijana kwa “mafunzo ya polisi” aulizwe: barua yako imetiwa sahihi na nani? Tunakwenda wapi? Kwa nini usiku? Akikasirika kwa maswali hayo, amekwisha kujibu.

Tayarisha pia karatasi. Karte ya uchaguzi hutumika kama kitambulisho. Aliyeipoteza wakati wa kukimbia aende kwa mamlaka ya mahali kuomba cheti cha kupotelewa. Kiongozi anaweza kumsindikiza. Msaada huo ni mkubwa kuliko pesa.

Na asiyechukuliwa? Hajapoteza miezi mitatu. Ana mwili wenye afya, marafiki wa kabila lingine, na mazoea ya kuamka na kazi. Anayekuja na ahadi za msituni atamkuta kijana huyo ana shughuli na ana watu wake.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kambini kwetu, kiwanja kipi kinaweza kutumiwa na wenyeji na waliohama pamoja?
2. Vijana wakianza mazoezi, nani anaweza kuingiwa na hofu, na tumjulishe namna gani?
3. Sisi wazazi, tunawazuia au tunawasaidia binti zetu?
4. Tunataka polisi wa namna gani katika vijiji tutakavyorudia?