Kuzisoma Dalili za Oili Iliyochakaa katika Injini ya Gari

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Injini ya gari nayo ni nadra kuharibika bila ya kutanguliza ishara. Hata hivyo, wenye magari wengi huingoja ishara moja tu: ile taa nyekundu ya dashibodi iliyo mfano wa birika linalodondosha tone. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kuingoja taa hiyo ni kuchelewa, na ni dalili zipi zinazopaswa kusomwa kabla yake.

Oili hulainisha vyuma visisagane, hupunguza joto, na hubeba masizi na chembechembe za vyuma hadi kwenye filta. Kadiri inavyotumika, joto huibadilisha na uwezo wake hufifia. Taa nyekundu haipimi uchakavu huo. Hupima msukumo wa oili. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, yamkini oili haivifikii vyuma ipasavyo, na dereva hana budi kuegesha mahali salama na kuzima injini mara moja. Baadhi ya magari yana taa nyingine ya manjano inayokumbusha sevisi, lakini aghalabu hiyo huhesabu kilomita tu.

Kigezo cha kwanza ni masafa na muda. Kwa kawaida, oili ya madini hubadilishwa baada ya takriban kilomita 5,000 au miezi sita, ilhali ile ya sintetiki huweza kufika kilomita 10,000 au mwaka mmoja. Hakimu wa mwisho ni kitabu cha mtengenezaji. Nchini Kenya, hata hivyo, magari mengi huagizwa yakiwa yametumika Japani, na kitabu kikiwemo huwa kimeandikwa kwa Kijapani. Ndiyo maana kibandiko anachokiacha fundi, chenye kilomita za sevisi ijayo, kina thamani kubwa. Isitoshe, katika msongamano wa magari wa Nairobi injini hunguruma kwa saa nyingi huku kilomita zikisonga kwa shida. Gari la namna hiyo huhitaji oili mpya mapema kuliko kilomita zake zinavyodai.

Kigezo cha pili ni kile kijiti cha kupimia oili, ambacho mafundi hukiita dipstiki. Gari huegeshwa mahali tambarare, injini ikazimwa na kuachwa dakika chache. Kijiti huchomolewa, kikapanguswa, kikarudishwa hadi mwisho, kisha kikachomolewa tena. Oili inapaswa kuwa kati ya alama mbili. Hapa ndipo wengi hupotoshwa na rangi. Weusi pekee si ushahidi wa kutosha, kwani oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Ushahidi wenye uzito zaidi ni oili kuwa na chenga inaposuguliwa baina ya vidole, au kunuka kama iliyoungua. Chembe za chuma zinazometameta, au rangi ya chai ya maziwa inayoonyesha kuwa maji yamechanganyika na oili, ni dalili za ugonjwa mkubwa zaidi. Hapo kubadilisha oili pekee hakutoshi. Sharti fundi atafute chanzo.

Kigezo cha tatu ni sikio na jicho. Injini inayogongagonga au kukwaruza kuliko ilivyozoeleka huenda imepungukiwa na oili au oili yake imechoka. Moshi wa samawati kutoka nyuma ya gari huashiria kwamba oili inaungua ndani ya injini, hivyo kiwango chake kinashuka.

Ni muhimu pia kutofautisha kuongeza na kubadilisha. Kuongeza hurejesha kiwango, bali uchafu hubaki palepale. Kubadilisha ni kuimwaga oili yote kuukuu, kutia mpya na kuweka filta nyingine.

Mwenye gari anayekagua kijiti kila wiki na kuandika kilomita za kila sevisi hamwendei fundi mikono mitupu. Humweleza alichokiona, alichokisikia na lini kilianza. Gharama yake huwa ya lita chache za oili na filta moja. Anayeingoja taa nyekundu huenda akalipia injini nzima.