Mkono Uliorudi Kazini

Twamjua sote yule mtu wa Injili aliyekuwa na mkono uliopooza, ambaye Bwana wetu alimponya siku ya Sabato. Lakini huenda wengi hawajasikia habari moja aliyoiandika Mtakatifu Yeronimo alipokuwa akifafanua Injili ya Mathayo. Asema kwamba katika kitabu kimoja kilichosomwa na Wakristo wa kale wa Kiyahudi, mtu yule alikuwa mwashi. Alijipatia riziki kwa mikono yake, naye alimwomba Yesu amrudishie afya, asije akaona aibu ya kuombaomba chakula.

Liangalieni vema ombi hilo. Mwashi yule hakuomba sadaka. Aliomba kazi yake.

Katika Lubondja, na katika vijiji vingi vya Fizi na Baraka, wako watu wenye ombi kama lile. Tumfikirie mama mmoja aliyepatwa na kiharusi. Wauguzi wamempigania, naye hakufa; jamaa zake wamemshukuru Mungu. Lakini tangu siku aliyorudi nyumbani aketi mlangoni, mkono wa kuume umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Hamenyi mihogo, hatwangi sombe, hafungi kitambaa chake mwenyewe. Jembe lake limeshikwa na binti yake, naye binti huyo ameacha shule. Basi ugonjwa umempiga mmoja, hasara imewapata wawili.

Ni nani atakayemrudisha mama huyu jikoni na shambani? Iko elimu kwa ajili hiyo. Kwa Kifaransa huitwa ergoterapi. Sisi tutaiita tiba ya kazi. Hufundishwa hata katika Vyuo Vikuu, na mwenye kuimaliza huko hupewa shahada kama wanafunzi wengine. Watu wengi huichanganya na kazi ya mtaalamu wa kunyosha viungo. Hizo ni ndugu wawili, lakini si mtu mmoja. Yule wa viungo hutafuta mkono upate nguvu na wepesi. Huyu wa tiba ya kazi huuliza neno la pili: mkono huu ulikuwa ukifanya nini, nao utawezaje kuifanya kazi hiyo tena, hata kama nguvu yote haitarudi?

Elimu hii si ya zamani sana. Mwezi wa Machi mwaka 1917, watu wachache walikutana huko Clifton Springs, katika jimbo la New York, Marekani, wakaanzisha chama cha kuieneza. Mmoja wao, George Barton, alikuwa msanifu wa majengo. Yeye mwenyewe alikuwa amepooza upande wa kushoto, akajirudishia uwezo wake kwa kazi za bustani na useremala. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwaacha askari wengi bila mkono au mguu, hata mataifa yakaona haja ya elimu hiyo. Katika Uingereza, daktari Elizabeth Casson alifungua shule yake mjini Bristol mwaka 1930. Katika bara letu, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilianza kuifundisha mwaka 1943. Mwaka 1952 likaundwa shirikisho la dunia nzima, nalo ndilo linaloweka kanuni za mafundisho.

Je, mwanafunzi hujifunza nini miaka hiyo mitatu au minne? Kwanza mwili: mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, ubongo. Tena nafsi ya mtu, na jinsi mtoto anavyokua, tangu kuinua kichwa hata kushika kijiko. Kisha magonjwa: kiharusi, kuvunjika kwa uti wa mgongo, majeraha ya moto, ukoma, magonjwa ya akili, na watoto ambao ubongo wao uliumia kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa. Pamoja na hayo yote, kanuni za shirikisho zadai mwanafunzi afanye kazi kati ya wagonjwa, chini ya uangalizi wa walimu, kwa saa zisizopungua 1000.

Lakini moyo wa elimu hii ni kuichambua kazi. Sisi twaona mama anatwanga, basi. Mwanafunzi huyu hufundishwa kuona mambo mengi ndani ya tendo hilo moja: kusimama bila kuyumba, kufumba vidole, kuinua bega, kuupeleka mchi mahali pake, kupima nguvu, kukumbuka kilicho motoni. Akiisha kujua ni kipi kilichokatika katika mnyororo huo, hutafuta dawa yake. Yaweza kuwa kigoda cha kuketia. Yaweza kuwa mpini wa kisu ulionenepeshwa kwa mpira wa baiskeli, ili mkono dhaifu upate kuushika. Yaweza kuwa ubao wenye misumari miwili mitatu inayoushika muhogo, mama akaumenya kwa mkono mmoja. Hata kuvaa kuna elimu yake: mkono ulio dhaifu huingia kwanza katika shati, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Mgonjwa wa ukoma ambaye vidole vyake havisikii moto hufundishwa kutumia macho badala ya vidole, na sufuria yake huwekewa mshikio wa mti. Mtoto asiyeweza kuketi hutengenezewa kiti cha kumshika kiuno na kifua. Viko viti vya namna hiyo vinavyoundwa kwa makaratasi makuukuu na gundi ya unga.

Hapo labda mzee mmoja atacheka na kusema: “Niuze mbuzi zangu, mwanangu akasome miaka minne, ili arudi kufundisha watu kuvaa shati?” Mzee wangu, neno lako lina haki ya kujibiwa. Anayejua kuwa shati huvaliwa hivi ni mtu wa kawaida. Anayejua kwa nini mama huyu ameshindwa, kama ni mkono, au jicho lisiloona upande mmoja, au ubongo uliosahau utaratibu, au huzuni iliyomvunja moyo, huyo ndiye aliyesoma. Akikosea, mgonjwa atataabika bure na bega lake litaumia. Tena, mama akiweza kujihudumia, mjukuu wako hurudi shuleni. Hesabu mwenyewe thamani ya mbuzi zako.

Basi kijana wa Lubondja aanzie wapi? Aanzie darasani mwake. Asome Biolojia na Kemia kwa bidii, apate diploma ya serikali yenye alama nzuri. Kwa kuwa wataalamu wa kazi hii ni wachache mno katika Kongo, yafaa pia atazame nchi jirani. Chuo Kikuu cha Rwanda hutoa shahada ya elimu hii. Nairobi imewafundisha wataalamu wake tangu mwisho wa miaka ya 1960. Kampala, penye hospitali ya Mulago, na Moshi, penye hospitali ya KCMC chini ya mlima Kilimanjaro, nazo hufundisha. Si kila chuo hutoa shahada. Vingine hutoa stashahada, na mtu aweza kuendelea baadaye. Na aulize mapema kama diploma yake itapokelewa.

Kuna mlima mmoja njiani, nao ni lugha. Mtoto wetu amesoma kwa Kifaransa. Huko atasomeshwa kwa Kiingereza. Asingoje kufika ndipo aanze kujifunza. Lakini atakapoketi kando ya mgonjwa wa Moshi, Kiswahili chake kitamsaidia kuliko vitabu vyote. Familia nyingi za Fizi zilizovuka ziwa na kuishi katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Tanzania mwaka 1996, zajua jambo hilo.

Hatufichi shida nyingine. Karo ni nzito, na vita imefunga njia za nchi hii mara nyingi. Yuko pia adui mtamu: mwenye shahada huitwa na miji mikubwa, na kijiji humngoja bure. Kwa hiyo wazazi, wasimamizi wa parokia na vijana wenyewe wazungumze mapema. Parokia ikichanga kwa ajili ya mmoja, na huyo mmoja aagane nayo kwamba atarudi.

Wala tusikae tu tukimngoja. Leo hii, nyumbani kwetu, tuache kumfanyia mgonjwa kila kitu kwa huruma isiyo na busara. Mtoto mlemavu asifichwe chumbani. Aketishwe pamoja na wenzake, apewe maharage ya kuchambua, hata kama atachambua machache.

Yule mwashi wa Injili, kabla ya kupona, aliamriwa aunyoshe mkono wake mwenyewe. Bwana, aliyeweza yote, hakuunyosha kwa niaba yake. Kijana unayesoma habari hii, kama kwenu yuko mtu aketiye mlangoni, mtazame leo kwa macho mapya. Jiulize ni kazi gani anayoililia moyoni, na kama Mungu hakuiti wewe umwendee.